Namba Yasomeka, Uso Hausomeki

Sisi tukaao Manguredjipa hatujapata kusikia honi ya garimoshi. Ngurumo tunazozijua ni za pikipiki zitokazo Butembo, za malori yaliyonasa katika matope, na za mashine za wachimba dhahabu. Reli zilizo karibu nasi ni mbili, nazo hata hizo zi mbali: upande wa kaskazini ni reli ya Mungbere, ng'ambo ya msitu wa Ituri, upande wa mashariki ni reli ya Kasese katika Uganda, nyuma ya milima ya Rwenzori. Leo zote mbili zimemezwa na majani kwa sehemu kubwa, na wengi wetu huzeeka bila kuziona.

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, nataka kuwasimulieni habari za injini za mvuke, za watu waliozifanyia kazi, na za wale waliozipiga picha. Msiniulize, "Mwalimu, habari hizo zatuhusu nini?" Zatuhusu sana. Sababu yake ni picha moja niliyoonyeshwa na mzee wa parokia yetu, Jumapili moja baada ya Misa.

PICHA YA KATIKA KITABU CHA SALA

Mzee huyo alinivuta kando ya ukuta wa kanisa, akafungua kitabu chake cha sala, akatoa picha ndogo iliyopasuka pembeni. Ilikuwa picha ya injini ya garimoshi imesimama karibu na rundo la kuni. Kila kitu cha injini hiyo kilionekana wazi: magurudumu, vyuma vya kuyazungusha, taa ya mbele, na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Moshi ulikuwa mweupe kama pamba. Mlangoni mwa chumba cha dereva palikuwa na mtu ameegemea, mkono mmoja juu ya chuma. Mabega yake yalionekana, na kofia yake ilionekana. Lakini uso haukuwapo. Mahali pa uso palikuwa na weusi mtupu. Hapana macho, hapana mdomo.

"Huyu ndiye baba yangu," alisema mzee. "Alikuwa mtia kuni katika garimoshi la Mungbere, zamani za Wabelgiji. Alikufa mimi ningali mgongoni mwa mama. Mwalimu, wewe umesoma, nisaidie. Namba ya mashine naisoma mwenyewe bila miwani. Baba yangu simsomi."

Niliigeuza picha. Nyuma yake palikuwa na maneno machache ya Kifaransa yaliyotaja aina ya injini na jina la stesheni. Jina la mtu halikuwamo. Mwanafunzi wangu mmoja aliipiga tena kwa simu yake, akajaribu kuiangaza. Weusi ukageuka kuwa kijivu, wala uso haukutokea. Mwanga ambao haukuingia katika filamu siku ile hauwezi kuongezwa leo.

KAZI YA MTIA KUNI

Ili tujue ni nini kilichopotea katika weusi ule, yafaa kwanza tuijue kazi ya mtu yule.

Reli ya Mungbere ilijengwa na kampuni iliyoitwa Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka 1924. Ilianza Aketi, penye bandari ya mto Itimbiri, ikapita Buta na Isiro, mji ambao zamani hizo uliitwa Paulis, ikafika Mungbere mwaka 1937. Upana wake ulikuwa sentimita 60 tu kati ya chuma na chuma, hata mtoto aweza kuuvuka kwa hatua moja. Lakini pamoja na matawi yake ilikuwa na urefu wa kilomita 1000 na zaidi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua pamba ya Uele hadi mtoni, ikapakiwe katika meli.

Injini zake zilikula kuni. Ndani ya injini ya mvuke mna tanuri; moto wa tanuri hupita katika mabomba mengi yaliyozungukwa na maji; maji huchemka, mvuke hujibana, nao ukipata njia husukuma pistoni kwa nguvu, na pistoni huzungusha magurudumu. Dereva ndiye afunguaye njia ya mvuke na kushika breki. Lakini mvuke wenyewe watoka mikononi mwa mtia kuni. Kipande kwa kipande huzitupa kuni motoni. Mlango wa tanuri ukifunguliwa joto lampiga usoni, ukifungwa upepo wampiga mgongoni. Wala si kazi ya nguvu tu, bali ni ya akili. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Kuni zilizorundikwa upande mmoja huacha upande wa pili wazi, hewa baridi ikapita na mvuke ukafifia, na garimoshi likashindwa katikati ya kilima.

Tena jicho lake moja li motoni, na jicho la pili li katika kioo chembamba kionyeshacho kipimo cha maji. Maji yakipungua mno juu ya tanuri, chuma hupata moto hata kikalainika, na birika zima laweza kupasuka na kuwaua walio karibu. Abiria katika mabehewa waliweza kusinzia kwa sababu yuko mtu mbele yao asiyesinzia.

Na nyuma ya mtia kuni walikuwapo wengine: wanavijiji waliokata kuni na kuzipanga kando ya reli, nao si wote kwa hiari yao, wajaza maji, wafunga mabehewa, na wale walioingia usiku kutoa majivu wakati tanuri lingali na joto. Hao wote wamo katika picha ya mzee wetu, ingawa hawaonekani.

MLIMA WETU JUU YA RELI

Tugeuke sasa upande wa mashariki, maana huko ndiko zilikokuwa injini za mvuke zilizo kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki, na wapiga picha walizifuata kama nyuki wafuatavyo maua.

Reli ya huko ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu katika ziwa la Victoria Nyanza mwaka 1901, ikafika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Katika miaka ya 1955 na 1956 shirika la reli lilipokea injini 34 za aina moja zilizotengenezwa Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30. Hazikula kuni, zilikula mafuta mazito. Katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja, haijapata kuwapo injini ya mvuke iliyozishinda hizo kwa nguvu.

Umbo lake lilibuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, na ya kwanza ya umbo hilo ilitengenezwa mwaka 1909. Birika kubwa lapachikwa katikati, juu ya fremu, na chini ya kila mwisho mna kundi lake la magurudumu na pistoni zake. Hivyo injini ndefu yaweza kujikunja katika kona kama jongoo, na uzito wake hugawanyika juu ya reli. Kwa namna hiyo ziliweza kupanda kutoka pwani ya Mombasa hadi Nairobi, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1600, zikivuta shehena nzito.

Sasa sikilizeni. Kila moja ya injini hizo ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ya kwanza iliitwa Mount Kenya. Ya pili, namba 5902, iliitwa Ruwenzori Mountains. Milima yetu! Ile tuionayo kutoka Beni asubuhi mawingu yakiondoka, jina lake lilipita katika nyika ya Tsavo, limebandikwa ubavuni mwa injini, na wapiga picha wakalisoma.

Injini za dizeli zilipoenea, zile za mvuke zilianza kuondolewa kazini mwaka 1973, hata mwaka 1980 zikawa zimekwisha. Katika miaka hiyo ya mwisho wapenzi wa mvuke walitoka Ulaya na kwingineko, wakasimama kando ya reli na kamera zao kabla mambo hayajatoweka. Tuwashukuru, maana bila wao tusingalikuwa na ushahidi. Injini moja, Mount Gelai, namba 5918, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Dereva wake mmoja, Kirpal Singh, alisifiwa kwa jinsi alivyokitunza chumba cha injini hiyo, shaba zake zikisuguliwa hata zikang'aa kama vyombo vya altareni. Jina lake limeingia katika vitabu, na ndivyo ilivyopasa.

Lakini nimezitazama picha nyingi za injini hizo. Chini ya picha nasoma namba, jina la mlima, jina la stesheni na mwaka. Mara nyingi dirishani yumo mtu, pengine amecheka, pengine amejipangusa jasho. Jina la mlima limeandikwa. Jina la mtu halikuandikwa. Mlima haukuhitaji kuandikwa, maana upo hata leo. Mtu ndiye aliyekwenda zake.

KWA NINI USO HUWA MWEUSI

Wanafunzi wataniuliza: Je, uso wa baba wa mzee ulifutwa na nini? Jibu ni la kamera, lakini lina mafundisho.

Filamu hupokea mwanga kwa kipimo. Mwanga ukiwa mwingi, picha huwa nyeupe mno. Ukiwa mchache, huwa giza. Jicho la binadamu laweza kutazama wingu na kivuli kwa mara moja na kuvielewa vyote viwili. Filamu haiwezi kama jicho. Sasa fikirini injini mchana: mvuke ni mweupe sana, mbingu zang'aa, chuma chametameta, na chini ya paa la chumba cha dereva ni kivuli kizito, na ndani ya kivuli mna mtu mweusi aliyepakwa masizi. Mpiga picha akipima mwanga wa mvuke, atapata mvuke mzuri kabisa, na mtu atageuka kuwa kivuli. Akipima mwanga wa uso, atampata mtu na macho yake na makunyanzi yake, na mvuke utapotea katika weupe. Basi na upotee! Moshi hauna wajukuu.

Si kosa la ngozi, basi, ni kosa la kipimo. Mpiga picha huchagua, hata asipojua kwamba amechagua.

Walio hodari waijua njia ya kupata vyote viwili. Huenda alfajiri, jua likiwa chini, mwanga ukaingia chini ya paa na kuangaza magurudumu. Wakati huo hewa ni baridi, na mvuke huonekana mnene. Saa sita mchana mvuke hutoweka upesi hewani, na paa hutupa kivuli juu ya nyuso. Garimoshi likipita kwa kasi, hufungua kamera kwa muda mfupi sana, sehemu moja ya mia tano ya sekunde, ili magurudumu yasififie. Lakini kwa watu hawafanyi haraka. Husubiri stesheni, injini ikinywa maji, dereva akizunguka na kopo la mafuta, mtia moto akishuka kunyoosha mgongo. Au husubiri usiku, mlango wa tanuri ufunguliwe, na moto ule ule ambao mtu anautunza umwangaze yeye mwenyewe.

Mmarekani mmoja, Winston Link, aliitumia akili hiyo kwa namna ya ajabu. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alipiga picha magarimoshi ya kampuni ya Norfolk and Western, upande wa Virginia, katika miaka yao ya mwisho ya mvuke. Aliona kwamba jua halihamishiki, lakini taa huhamishika. Kwa hiyo alipiga picha zake nyingi usiku. Alitandaza taa nyingi za kumulika, akaziunganisha kwa nyaya, zikawaka zote pamoja kwa nukta moja garimoshi lilipopita. Katika picha zake hamna injini tu. Mna wafanyakazi wa reli, na jamaa wameketi barazani treni ikipita. Mwanga ulianguka pale alipotaka uanguke, naye alitaka uwaangukie watu pia.

WAZEE WA ASMARA

Mfano mwingine wapatikana Eritrea. Reli itokayo bandari ya Massawa ilifika Asmara mwaka 1911, baada ya kupanda mlima wa zaidi ya mita 2300. Vita viliiharibu, vyuma vyake viling'olewa vikatumiwa kujengea mahandaki. Nchi ilipokwisha kupata uhuru mwaka 1993, ilionekana kwamba hapana fedha za kuijenga upya kwa mikono ya wageni. Basi tangu mwaka 1994 wazee waliokwisha kustaafu waliitwa warudi. Walirudi na mvi zao, wengine wa miaka 70 na zaidi, wakazikusanya injini kuukuu, wakachonga vipuri kwa mikono yao, wakawafundisha vijana. Mwaka 2003 njia ikakamilika tena hadi Asmara, na wapiga picha wakatoka nchi za mbali kuja kuziona injini zile zikipanda mlima kwa mvuke.

Atakayezipiga picha injini za Asmara na kuwaacha wazee hao nje ya picha, ameiacha habari yenyewe nje. Injini zililala zimekufa miaka mingi. Maarifa ndiyo yaliyokuwa hai, nayo yalikaa vichwani mwa watu.

KAZI NI KWA AJILI YA MTU

Kanisa letu latufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Hakuiita sikukuu ya nyundo wala ya msumeno. Na mwaka 1981 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens, alieleza kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Na heshima ya kazi yatoka kwanza katika huyo aifanyaye. Mtia kuni wa Mungbere alikuwa na heshima kuliko injini yake, ingawa injini ilipewa namba na yeye hakupewa hata mstari mmoja wa wino.

NA HUKU KWETU?

Vijana wangu, leo wengi wenu mna simu, na kila simu ina kamera. Mnapiga picha nyingi kwa juma moja kuliko wazee wetu walizopigwa maisha yao yote. Lakini nimeziona. Mwapiga picha pikipiki mpya, mwapiga picha lori lililopinduka. Anayelisukuma lori, magoti ndani ya matope, yuko pembeni, nusu yake imekatwa.

Msidhani tunao muda mwingi. Mwaka 2024 jamaa nyingi za sekta yetu ya Bapere zilikimbia nyumba zao kwa sababu ya mauaji. Waliokimbia walibeba watoto na sufuria. Mapicha ya ukutani yalibaki. Wengine waliouawa hawana hata picha moja ya kuwekwa juu ya meza siku ya kuwaombea. Neno hili si la michezo.

Basi shikeni mambo manne. La kwanza, mwombeni mtu ruhusa, naye akikataa mwacheni kwa heshima. La pili, mwelekezeni mtu uso kwenye jua au mlete mlangoni penye mwanga, mkaguse uso wake katika kioo cha simu, ili kamera ipime uso wala si mbingu. La tatu, ulizeni jina lake lote, kijiji chake na kazi yake, mkaandike pamoja na tarehe. La nne, picha iliyo bora ichapishweni katika karatasi, mkamletee mwenyewe. Simu huibiwa, tena huanguka mtoni. Anzeni na wafanyakazi wa njia ya Butembo, na wachimbaji, na mama zetu wabebao mizigo kwa kamba ya kichwani. Hao ndio watia kuni wa siku hizi.

Namalizia kwa mzee wetu. Nilimrudishia picha yake, nikamwambia ukweli: uso wa baba yake haumo, wala hapana mashine ya kuutoa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama alikuwa akiniambia, nikitaka kumwona baba nijitazame katika maji."

Juma lililofuata, asubuhi na mapema, nilimkalisha mlangoni mwa nyumba yake, jua likimwelekea usoni. Nilimpiga picha moja, nikaituma Butembo ikachapishwe. Nyuma yake niliandika jina lake, na chini yake jina la baba yake, na maneno haya: mtia kuni wa reli ya Mungbere. Siku alipoipokea aliwaita wajukuu wake. Picha ile ya zamani aliiweka upande wa kushoto, mpya upande wa kulia, akawaonyesha ya kwanza kwa kidole, akasema, "Huyu ndiye aliyeuwasha moto." Kisha akawaonyesha ya pili. "Na uso wake ndio huu."

Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi, utuombee.